SOMO LA HIARI, HIARI YA NANI?

(Hotuba ya mwalimu mstaafu wa Kiingereza kwa wazazi wa shule moja ya sekondari ya kata. Tunaichapisha kama ilivyosomwa – Mhariri)



Nimeombwa nizungumzie masomo ya Kiingereza ambayo mtoto anaweza kuyachagua mwenyewe sekondari. Nikifuata orodha ya wizara nitamaliza kwa dakika mbili na mtanipigia makofi. Lakini orodha si darasa.

Kiingereza chenyewe, yaani lugha, ni lazima kidato cha kwanza hadi cha nne. Hapo hakuna kuchagua, na isitoshe ndicho kinachofundishia fizikia, historia na jiografia. Cha kuchagua ni Fasihi ya Kiingereza, ambayo ina mtihani wake kidato cha nne, mbali na ule wa lugha. Mtoto akienda kidato cha tano anakutana na tahasusi: HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza; HGL, yenye Jiografia badala ya Kiswahili; na KLF, yenye Kifaransa. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kwamba tahasusi zimeongezeka kutoka 16 hadi 65. Sawa. Orodha hurefushwa kwa kalamu. Mwalimu hapatikani kwa kalamu.

Sasa nendeni kwa mkuu wa shule, kwa heshima, mkamwulize: je, Fasihi ya Kiingereza inafundishwa hapa? Katika shule nyingi za kata jibu ni hapana. Si kwamba watoto wameikataa. Hakuna aliyewauliza! Mwalimu wa Kiingereza ni mmoja au wawili, vipindi vya lugha peke yake vinamkausha koo, nani amwongezee mzigo? Kwa hiyo mtoto "anachagua" kama tulivyokuwa tukichagua rais tangu 1965 hadi 1990: mgombea mmoja, weka alama ya Ndiyo au Hapana, rudi nyumbani.

Shule hizi tulizijenga sisi. Mpango wa maendeleo ya sekondari ulipoanza 2004 tulichanga fedha, tukabeba mawe na mchanga. Madarasa yakasimama. Walimu tuliahidiwa. Watoto wa vigogo wako kwingine, kwenye shule za ada ya mamilioni, zenye maktaba.

Najua kuna mzazi anajisemea moyoni: fasihi ni hadithi tu, mwanangu atakula hadithi? Mzee wangu, mtoto huyu amesoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza anatumbukizwa kwenye Kiingereza kama kifaranga mtoni. Lugha haiingii kwa kukariri vitenzi ubaoni. Inaingia kwa kusoma kitabu kizima, kurasa mia na ushee, kwa hamu ya kujua nani atakufa na nani ataoa. Ni kweli hata katika somo la lazima kuna vitabu vya hadithi. Lakini mnajua vinavyosomwa? Kwa "madesa"! Karatasi nne za muhtasari zimepigwa chapa stesheni, mtoto anakariri majina ya wahusika, kitabu chenyewe hajakiona hata jalada.

Mtoto huyo akichaguliwa HKL anakuta Kiingereza kina karatasi mbili, moja ya lugha na moja ya fasihi. Hapo ndipo anakutana na riwaya na tamthilia kwa mara ya kwanza, na mtihani uko mlangoni.

Na ni vitabu gani hivyo? Kuna tamthilia ya Ibsen ya daktari aliyegundua kuwa maji ya bafu za mji yana sumu. Meya, kaka yake wa damu, akamziba mdomo. Kuna waziri wa Chinua Achebe, mcheshi, anayekula nchi huku akipigiwa vigelegele. Sisemi kuna mkubwa aliyekaa akapanga mtoto wa mlalahoi asivisome. Nasema hakuna mkubwa aliyekosa usingizi kwa sababu hiyo.

Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Serikali ikakataa. Haya, imekataa. Basi aliyeng'ang'ania Kiingereza anadaiwa walimu wa Kiingereza na vitabu vya Kiingereza. Deni hilo halijalipwa.

Sidai kila mtoto asome fasihi. Aliyeelemewa na fizikia, kemia, baiolojia na hesabu mwacheni apumue. Lakini yule anayeota uanasheria, ualimu au uandishi wa habari apewe nafasi kabla hajaingia kidato cha tatu, maana hapo ndipo mikondo inapogawanywa.

Bodi ya shule ikikaa, wawakilishi wenu waulize mambo matatu tu. Walimu wa Kiingereza ni wangapi? Vitabu vya fasihi viko vingapi, na viko wapi, darasani au vimefungiwa stoo? Na kama mwalimu hayupo, kwa nini tusishirikiane na sekondari ya kata jirani, mwalimu mmoja afundishe shule zote mbili siku ya Jumamosi? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na nakala ibandikwe ubao wa matangazo.