Maji Ndani ya Jengo: Mhadhara wa Umma Mintarafu ya Chokaa, Saruji na Elimu ya Ujenzi

Nimepewa wasaa wa kusema juu ya vifaa vya ujenzi, na kwa kuwa vifaa hivyo ni vingi kupita saa moja niliyopewa, nimeona bora nichague kimoja tu, kile ambacho hakiandikwi katika hati ya manunuzi, ambacho aghalabu hakina bei, na ambacho mtu yeyote aliye karibu na bomba au kisima huweza kukitia kazini bila ya kumwomba mtu idhini: nacho ni maji. Dai langu ni kwamba katika pwani hii yetu, tangu zama za waliojenga kwa matumbawe na chokaa hata kufikia sisi tujengao kwa zege na nondo, maji yamekuwa na neno kubwa katika kuamua jengo lipi lidumu na lipi liporomoke. Na kwamba elimu yetu ya uhandisi huyafundisha maji hayo mwishoni na kwa haraka, ilhali ingepasa kuanza nayo.

Mwashi wa zamani alikuwa na mawe ya namna mbili. La kwanza ni jiwe la matumbawe ya kale lichimbwalo nchi kavu, gumu, lenye matundu na ncha, lisilokubali kuchongwa kwa unadhifu, na hilo ndilo lililojaza kuta. La pili ni tumbawe lililokatwa baharini, ambalo huwa laini maadamu lina ubichi wake, likachongwa lingali hivyo kisha likaachwa juani na upeponi hata likawa gumu; na kwa hilo zilifanywa kingo za milango, mihirabu na zidaka. Mtu akifika Kilwa Kisiwani akaingia katika Msikiti Mkuu, ataziona kuba na matao yaliyofanywa kwa matumbawe na chokaa bila ya kipande cha chuma, nayo yamestahimili mvua za karne nyingi. Hicho kilichoyashika mawe hayo pamoja kilitoka katika mawe yenyewe. Matumbawe yalipangwa juu ya tanuu la magogo yakachomwa hata joto likapata nyuzi 900 za Selsiasi hivi, na katika joto hilo kila kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 44 za hewa ya kaboni, zikabaki kilo 56 za chokaa mbichi. Chokaa hiyo iliachwa uwanjani miezi kadhaa, ikanyeshewa na mvua na kupatwa na umande mpaka ikalainika sawasawa. Ikisha kutiwa ukutani, hurudi kuivuta hewa ile ile ya kaboni taratibu na kuwa jiwe tena. Na kazi hiyo haiwezekani katika ukuta mkavu kabisa, wala haiwezekani katika ukuta uliolowa chepe, kwa kuwa katika ukavu hewa haina maji ya kuyeyukia, na katika majimaji haina njia ya kupenya.

Kwa hivyo mwashi yule hakuwa akijenga kwa chokaa tu, alikuwa akiyapimia maji njia yake. Kuta alizifanya nene, nusu mita na zaidi. Lipu ilikuwa ya chokaa, yenye vinyweleo, ili unyevu ulioingia masika upate kutoka kiangazi. Dari ilikuwa ya boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti nzuri haina urefu usio na mpaka, vyumba vya nyumba za mawe, Lamu hata Unguja, vilikuwa virefu na vyembamba, upana wake aghalabu haufiki mita tatu. Wala hiyo haikuwa hesabu ya pwani yetu peke yake, maana boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini na kuvukishwa hata Oman, Bahrain na Kuwait, na huko nako zikawapa watu kipimo cha vyumba vyao. Juu ya boriti iliwekwa chokaa iliyochanganywa na mawe madogo, ikashindiliwa kwa vijiti na watu waliojipanga safu wakiimba, siku baada ya siku, hata maji yakatoka juu na tundu zikazibana. Sijui kazi ya ujenzi iliyofahamu vizuri zaidi kuliko hiyo kwamba nguvu ya kitu hiki hupatikana kwa kuyatoa maji yaliyozidi, siyo kwa kuyaongeza.

Maradhi ya majengo hayo yalipoanza, yaliingilia mlango huo huo wa maji. Paa lililopasuka lisizibwe, au mfereji ulioziba, huyapeleka maji katikati ya ukuta, ambako kuna kifusi cha mawe kilichoshikwa na chokaa dhaifu iliyochanganywa na udongo. Kifusi hicho kikilowa hupoteza ushikamano, ukuta ukavimba kabla ya kuanguka. Fauka ya hayo, mwenye nyumba mwenye nia njema huja akaipaka nyumba yake lipu ya saruji, akidhani ameitia nguvu. Lipu ya saruji ni ngumu na nzito, nayo huyazuia maji kutoka kuliko inavyoyazuia kuingia, maana yale yapandayo kutoka ardhini na yashukayo kutoka paani hayapiti usoni pa ukuta. Ukiigonga lipu hiyo kwa mpini wa mwiko baada ya miaka michache utasikia mlio mtupu. Ukiibandua utakuta nyuma yake chumvi nyeupe inayopukutika, jiwe lililolika, na ncha ya boriti, pale inapoingia ukutani, imekuwa laini hata kidole huzama ndani yake, ingawa sehemu ya boriti hiyo hiyo inayoonekana chumbani ni nzima na imepakwa rangi. Hapo ndipo dari hushuka ghafla, na watu wakastaajabu.

Beit al-Ajaib ya Unguja, aliyoijenga Sultani Barghash bin Said mwaka 1883, ilikuwa na nguzo za chuma mbele yake na urefu uliozishinda nyumba zote za Mji Mkongwe. Mwaka 1896 mizinga ya Waingereza iliyabomoa majumba jirani nayo ikabaki imesimama. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa pamoja na mnara wa saa iliporomoka, wakafariki watu wawili, Mwenyezi Mungu awarehemu. Kwangu mimi hasara ile ni ya elimu kadhalika: jengo la matumbawe, chokaa na chuma kwa pamoja lilikuwa ni kitabu kilicho wazi, na hatukuwa tumemaliza kukisoma.

Sasa nageukia saruji. Joseph Aspdin wa Uingereza alipata hataza ya saruji aliyoiita ya Portland mwaka 1824, nasi katika pwani hii tulipata viwanda vyetu katika karne iliyopita, Bamburi mwaka 1954 na Wazo Hill mwaka 1966. Viwanda vyote viwili vilikaa juu ya jiwe lile lile la matumbawe alilolichoma mwashi wa zamani. Tafauti ni kwamba kiwandani huchanganywa na udongo na kuchomwa kwa joto la nyuzi 1450 hivi, na kitu kitokacho humo hakiingojei hewa ili kishike, bali hushikana na maji yenyewe. Yaani maji, yaliyokuwa mgeni katika chokaa, katika saruji yamekuwa ni mmoja wa wazazi.

Naomba mnistahimilie hapa, kwa kuwa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Saruji huhitaji, ili iungane na maji kikamilifu, kiasi cha robo ya uzito wake tu. Maji yanayobaki hutiwa ili zege lipate kusogea na kushindiliwa, na kila tone lililozidi huacha nafasi yake tupu likisha kukauka. Mwaka 1918 Duff Abrams, aliyekuwa katika maabara ya Lewis Institute mjini Chicago, baada ya majaribio kwa maelfu, alibainisha kwamba kwa vifaa vile vile nguvu ya zege hufuata uwiano wa maji na saruji: maji yakizidi, nguvu hushuka, nayo haishuki polepole. Tuuhesabie mfuko wa kilo 50. Tukiutia lita 25 za maji, uwiano ni 0.5, na zege ni zuri. Tukiongeza nusu ndoo, yaani lita 10, uwiano unakuwa 0.7, na kiasi cha thuluthi ya nguvu imekwenda. Tukitia ndoo mbili kamili za lita 20, uwiano ni 0.8, na tumebakiwa na karibu nusu ya kile tulichokilipia. Na mhandisi aliyechora nguzo ile ofisini kwake hana habari.

Ni rahisi kusimama hapa nikamlaumu fundi, nami sitafanya hivyo. Mtazameni alipo. Ni saa sita mchana, jua la Januari, yuko ghorofa ya nne. Zege limechanganywa chini kwa koleo, likapandishwa kwa karai kutoka mkono hadi mkono, na lilipomfikia limeanza kukakamaa. Mbele yake kuna nguzo ya sentimita 23 kwa 23, ndani yake nondo nane na ringi zilizokaribiana, na mahali nondo zilipounganishwa ni kumi na sita. Kokoto aliyoletewa ni kubwa kuliko upenyo uliobaki, vaibreta hakuna, na aliyemwajiri humlipa kwa nguzo siyo kwa siku. Akilimimina zege kavu litakwama njiani na kuacha matundu chini ya nguzo, na mbao zikifunguliwa ataitwa na kutukanwa. Akiongeza maji litateremka lenyewe, uso wa nguzo utatoka laini, na kila mtu atamsifu. Maji ndicho chombo pekee alichoachiwa. Taksiri iliyoanza katika mchoro uliobananisha nondo, na katika ununuzi wa kokoto, na katika vaibreta isiyokodiwa, imekuja kumalizikia katika ndoo yake. Basi mwenye kutaka kumzuia asiongeze maji sharti ampe kokoto ndogo, mashine, na nguzo yenye nafasi. Bila ya hayo tunamwamrisha afanye lisilowezekana.

Tena kuna maji yasiyoonekana ndooni. Mchanga wa kuchanganya na mfuko mmoja, kwa kipimo cha saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne, unakaribia kilo 100, na asubuhi baada ya mvua unyevu wa asilimia 5 si jambo la ajabu. Hizo ni lita 5 zilizokwisha kuingia kabla ya mtu kugusa bomba, sawa na moja ya tano ya maji yote ya mfuko. Ndiyo maana fundi mzoefu hufinya mchanga kiganjani kabla ya kuanza. Nami naichukua tajriba hiyo kuwa ni kipimo cha kisayansi ambacho bado hatujakiandika kwa haki.

Na kuna maji ya chumvi, ambayo kwa watu wa pwani ni msiba wa peke yake. Nondo ndani ya zege zuri haishiki kutu, kwa sababu zege lina alkali kali, pH yake inapita 12, na katika hali hiyo chuma hujivika utando mwembamba unaokihifadhi. Chumvi hukivua utando huo. Ikiingia kwa mchanga wa ufukweni usiooshwa, au kwa maji ya kisima chenye magadi, au kwa upepo wa bahari kupitia zege lenye vinyweleo, kutu huanza. Na kutu huchukua nafasi mara mbili na zaidi ya kile chuma kilichoizaa, hivyo hulipasua zege kutoka ndani. Mwenye kutembea kando ya bahari huyaona mabaraza ambayo chini yake nondo zimetoka nje, nyekundu. Dawa yake inajulikana: mchanga wa mtoni au uliooshwa, maji ya kunyweka, zege lisilojaa vinyweleo, na sentimita tano za zege kuifunika nondo mahali panapopigwa na upepo wa bahari. Kumwagilia zege siku saba, chini ya magunia yaliyoloweshwa, ni katika dawa hizo hizo, nako ndiko huachwa kwanza kazi ikiharakishwa.

Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo, wakafa wengi. Sisemi kwamba maji ndiyo yaliyoyaangusha majengo hayo, maana jengo huanguka kwa mambo mengi kukutana. Ninachosema ni kwamba kila aangukapo mtu na jengo lake, sisi wa chuo huulizwa tulifundisha nini, na jawabu letu halitoshi.

Masomo ya uhandisi yalianza Nairobi katika Royal Technical College iliyofunguliwa mwaka 1956, na kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza mwaka 1973. Tangu hapo wanafunzi wetu wamesoma vitabu vizuri, na kile cha Neville juu ya tabia za zege, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1963, sidhani kama kuna aliyekizidi. Lakini vitabu hivyo viliandikwa kwa ajili ya mtu ambaye mchanga wake umepimwa, mizani yake iko tayari, na majira yake ni ya baridi. Fundi anayepima kwa ndoo na karai hamo katika kurasa hizo, wala lugha anayoisema kazini haimo. Mwanafunzi wetu humaliza akijua kukokotoa nguzo, akaenda kazini akamkuta fundi, na baina yao hakuna kitabu hata kimoja walichokisoma wote wawili.

Kwa hiyo naleta ombi kwa baraza la chuo hiki. Muhula wa kwanza, kabla ya hesabu yoyote ya boriti au nguzo, kila mwanafunzi aende kwenye ujenzi ulio karibu akachukue mchanga kutoka katika lundo lenyewe, aupime, aukaushe juu ya moto katika karai, aupime tena, na ajue una maji kiasi gani. Kisha, pamoja na fundi wa jengo hilo, wachanganye zege mara mbili kwa mfuko ule ule wa saruji, moja kwa lita 25 na jingine kwa 40, wakihesabu maji ya mchanga ndani yake. Wajaze koni ya milimita 300 kwa tabaka tatu, kila tabaka mapigo 25, waone zege hili linakaa na lile linamwagika. Wajaze vibweta vya milimita 150, wavitie majini, na siku ya 28 fundi mwenyewe aje maabara aiendeshe mashine na kuvivunja. Matokeo yaandikwe kwa Kiswahili, vipimo vyake kwa ndoo na kwa kilo vyote viwili, na nakala moja ibandikwe katika stoo ya saruji ya jengo lile mchanga ulikotoka, mahali anapopita kila asubuhi yule mwenye kushika ndoo.