Pete ya Uchumba na Moyo Unaosita

Mazungumzo na wanakisomo, chini ya mwembe wa shule, siku ya mnada

 

Leo hatutazungumza habari za mbolea wala habari za vyoo. Tutazungumza habari ya pete. Naam, pete ya uchumba. Mnacheka. Chekeni tu, lakini katika kata hii pete moja imekwisha kugombanisha nyumba mbili, na sisi wa elimu ya watu wazima tulikuwemo katikati.

Tuanze na kisa chenyewe. Msimu wa pamba uliopita kijana mmoja wa kisomo chetu, ambaye jina lake hatulitaji, alipeleka posa katika nyumba moja ya kijiji cha jirani. Mshenga alikwenda, akarudi na jibu zuri. Mahari ikazungumzwa, ng'ombe wakahesabiwa. Zamani mambo yangeishia hapo, watu wangengoja harusi. Lakini kijana alikwisha kuona harusi za mjini, na picha kwenye simu za wenzake, akasema mchumba wake naye lazima avishwe pete. Akauza mbuzi wanne. Akaenda mnadani, akamkuta mtu ametandaza pete juu ya kitambaa chekundu. "Hii ni dhahabu ya Geita, ndugu yangu. Dukani huipati kwa bei hii." Kijana akalipa, akaondoka. Hakupewa hata kikaratasi.

Wiki ya tatu kidole cha binti kikawa cha kijani.

Mama wa binti akasema mtu anayedanganya kwenye pete atadanganya na kwenye chakula. Baba wa kijana akasema mwanawe ametukanwa. Tukaitwa sisi tuamue. Tulivyoamua tutawaeleza baadaye, maana tulikosea. Kwanza tuifahamu pete.

Dhahabu tupu, isiyochanganywa na kitu, huitwa dhahabu ya karati 24. Hiyo ni laini mno. Ukiivaa ukashika mpini wa jembe itapinda. Kwa hiyo sonara huichanganya na madini mengine, kama fedha na shaba, ili iwe ngumu. Dhahabu ya karati 18 maana yake katika sehemu 24, sehemu 18 ni dhahabu na 6 ni vitu vingine. Ya karati 9 ina sehemu 9 tu za dhahabu, na 15 zilizobaki ni mchanganyiko. Hii ni hesabu ya mafungu tuliyoifanya darasani kwa maharage.

Sasa, pete nyingi za dhahabu zimepigwa muhuri wa tarakimu kwa ndani, upande unaogusa kidole. Tarakimu zile zinahesabu dhahabu katika sehemu 1000. Ukisoma 750, hiyo ni karati 18. Ukisoma 375, ni karati 9. Mama yetu hapo mbele anaivua yake. Imegoma kidogo kwenye kifundo, lakini imetoka. Tusomee, mama. Tatu, saba, tano. Ahsante sana. Mmeona, ndugu? Ameivaa miaka yote hiyo, na leo ameisoma mwenyewe.

Muhuri peke yake hautoshi, kwa sababu mlaghai naye anaweza kupiga muhuri. Wengine hutumia sumaku. Ni kweli dhahabu haivutwi na sumaku, lakini shaba nayo haivutwi, kwa hiyo sumaku itakuonyesha pete ya chuma tu. Kidole kuwa kijani nako si ushahidi kamili. Rangi ile hutoka kwenye shaba inapokutana na jasho, na hata dhahabu ya karati 9 ina shaba ndani yake. Anayeweza kukuambia kweli ni sonara, anayeisugua pete kwenye jiwe lake na kudondosha tindikali. Sisi tuliipeleka ile ya kijana kwa sonara mjini Shinyanga. Hakukawia. Ilikuwa shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu.

Basi ukinunua, nunua kwa mtu mwenye duka ambalo utalikuta wiki ijayo. Pete ipimwe kwenye mizani mbele yako, kwa gramu. Dai stakabadhi, uisome kabla ya kutoa fedha: tarehe, jina la duka, uzito, karati, bei. Uliza pia kama duka litaikubali ikirudishwa, na jibu waliandike papo hapo. Mdomo wa muuzaji ni mtamu mpaka ukifika mlangoni.

Kipimo cha kidole kisikutishe. Chukua uzi, uzungushe kidoleni, ukate, umpelekee sonara uzi wenyewe. Pima jioni, kwa kuwa vidole huvimba kidogo baada ya kazi na joto la mchana. Na angalia kifundo, kwani pete itapita hapo. Mkono unaolima na kukanda unga unafaa pete laini, isiyo na jiwe lililochomoza. Wapo wanaotamani tanzanaiti kwa kuwa ni jiwe la kwetu, lililogunduliwa Mererani mwaka 1967. Ni jiwe zuri kweli, lakini si gumu kama almasi, na likigongwa vibaya hupasuka. Linakaa salama zaidi sikioni au kifuani.

Habari ya almasi nayo tuiseme, maana vijana hudhani mchumba asiye na almasi hakupendwa. Mwaka 1947 kampuni ya De Beers, iliyokuwa ikiuza almasi duniani, ilitungiwa huko Marekani tangazo la kwamba almasi hudumu milele. Tangazo lile likaenea, na watu wengi wakaamini kuwa uchumba bila almasi haujakamilika. Ni shauri la biashara hilo. Mwaka huohuo, hapa kwetu Mwadui, katika mgodi wa Williamson, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54 na nusu. (Karati za mawe ni kipimo cha uzito, si zile za dhahabu, msichanganye.) Alizawadiwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyeolewa mwaka huo. Je, ilitiwa kwenye pete? La. Ilikuja kutiwa kwenye bizimu ya kifuani. Pete yake ya uchumba ilitengenezwa kwa almasi zilizong'olewa kwenye taji la mama wa mchumba wake. Mwana wa ukoo wa kifalme alitumia mawe ya mama yake, na wewe unauza mbuzi wote zizini!

Wala hakuna sheria ya Tanzania inayosema ndoa haifungwi bila pete. Watu wa pwani wana kishika uchumba, na kinaweza kuwa kitu kingine kabisa. Kwa Waislamu mwanamume havai dhahabu, pete yake huwa ya fedha. Pete ya fedha iliyonunuliwa bila deni ni pete kamili.

Hayo ndiyo mambo ya pete. Turudi kwa yule binti.

Ndugu zetu, kabla kidole hakijabadilika rangi, binti yule alikwisha kuja ofisini kwetu. Alisimama mlangoni, akaamkia, akasema, "Mwalimu, moyo wangu unasita." Tulimkaribisha, lakini hatukumwuliza unasita kwa jambo gani. Tulikuwa tumekwisha kusikia kuwa siku imepangwa na ng'ombe wa sherehe amepatikana. Tukamwambia kila mchumba huogopa, vumilia, utazoea. Akashukuru, akaenda zake.

Pete ilipoharibika, tukakazana na pete. Tukaipeleka kwa sonara, tukawaeleza wazazi kwamba kijana naye alidanganywa, hakudanganya. Hiyo ilikuwa kweli. Kisha tukashauri atafute pete nyingine ya halali, ugomvi uishe. Kijana wa watu akawa tayari kukopa. Sisi tukaona tumefanya kazi nzuri.

Wiki hiyo binti akaandika barua. Hakumpa mtu amwandikie, aliandika kwa mkono wake, kalamu ya buluu, ukurasa mmoja na nusu. Pete aliifunga ndani ya karatasi. Kijana alituletea barua ile akaomba tumsomee. Anajua kusoma, alisoma darasa moja na huyo binti. Nafikiri alitaka kuisikia kwa sauti ya mtu mwingine, pengine maneno yangebadilika. Hayakubadilika. Ametupa ruhusa, na binti pia ametupa ruhusa, tuwasomee kipande kimoja:

"Pete sikasiriki. Najua ulitapeliwa, na mbuzi wako nawasikitikia. Lakini siku ile ya sikukuu ulisema nikiolewa cherehani yangu itakwenda kwa dada yako na kisomo basi. Nilikuuliza mara mbili, ukacheka. Sikuogopa ndoa. Naogopa kicheko kile."

Sisi tulinyamaza kimya.

Tangu siku ile mtu akija kutuambia moyo unasita, tunamwuliza unasita kwa jambo gani. Ipo hofu ya kawaida. Binti anaogopa kumwacha mama yake peke yake, anaogopa mawifi, kijana anaogopa kama atamudu kulisha nyumba. Hofu hiyo mkiizungumza ninyi wawili hupungua. Lakini ipo nyingine yenye jina. Umemwona akimpiga mdogo wake. Umesikia ana mke mwingine huko alikokuwa kibarua na yeye hakukwambia. Kila siku ya mnada analetwa nyumbani amebebwa. Au ulimwuliza jambo la maisha yako akacheka. Hiyo haiponi kwa pete nzuri zaidi, wala kwa wazee kuongeza ng'ombe. Iseme mapema, tena kwa mwenyewe, na mbele ya mshenga ikibidi. Vijana wa kiume nanyi moyo ukisita semeni, msipande basi la usiku kwenda mjini mkamwacha binti wa watu anasuka ukili wa kungoja.

Sheria yenyewe imeacha nafasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni muungano wa hiari. Wanaotaka kuoana hutoa taarifa angalau siku 21 kabla ya ndoa. Hakuna mahakama inayoweza kumlazimisha mtu kuoa au kuolewa kwa sababu alikwisha kuahidi. Hata hivyo ahadi si mchezo. Aliyevunjiwa anaweza kudai fidia mahakamani. Na kifungu cha 71 kinahusu zawadi: zawadi iliyotolewa kwa ajili ya ndoa ambayo haikufungwa inaweza kudaiwa irudishwe, kama mahakama itaridhika kwamba mtoaji aliitoa kwa sharti kuwa ndoa ifungwe. Soda na kitenge cha sikukuu ni vigumu kuvidai hivyo. Pete ya uchumba na ng'ombe wa mahari ni jambo jingine. Kwa hiyo andikeni mnapopeana. Daftari la senti kidogo linaokoa maneno mengi.

Baba wa kijana alikuja juu. Alidai alipwe mbuzi wake wanne. Wazee walikaa kutwa nzima. Mwishoni mzee mmoja akasema binti alipewa pete, hakupewa mbuzi, na pete ameirudisha kama alivyopewa. Mbuzi wakadaiwe kwa mtu wa kitambaa chekundu. Watu wakamtafuta mnadani majuma mawili, hawakumwona tena. Ng'ombe wa mahari walikuwa hawajatoka zizini, kwa hiyo hawakuwa na neno.

Yule kijana amekuwa kimya tangu hapo, ila darasani hakosi. Majuzi alitusubiri wenzake wakaondoka, akauliza kama sheria inamkataza mtu kupeleka posa tena katika nyumba ileile. Tukamwambia haimkatazi, lakini mbona barua ya watu hujaijibu?

Jana amekuja kuomba karatasi mbili na bahasha.