Hata kama ulisaini mwenyewe

Leo nasema na wewe dada uliyeahidiwa kazi ya duka kule Ghuba, ukafika ukapokonywa pasipoti, ukatiwa jikoni bila mshahara. Umerudi, umenyamaza. Ukiulizwa wasema, "Si nilikubali mwenyewe?"

La! Sheria yetu ya mwaka 2010 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu inasema kukubali kwako hakumuokoi ajenti ikiwa alikuhadaa au alikutisha ili ukatumikishwe. Hata kama uliweka sahihi. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Akirudia, ni kifungo cha maisha.

Waogopa kushtakiwa wewe? Sheria hiyo hiyo yamkinga mwathiriwa kwa makosa yaliyotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake.

Mwajiri wa Riyadh ni vigumu kumfikia, ni kweli. Lakini ajenti yuko hapa hapa mtaani, na kesho atapeleka mwengine. Kwa hiyo meseji zake, sauti za WhatsApp, risiti za M-Pesa na nakala ya mkataba, usifute hata kimoja. Nenda navyo ukaandikishe ripoti, na uchukue namba ya OB.