Jicho la Mtoto Si Alama ya Ulozi

Somo: Yohana 9:1-7



Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza nani alitenda dhambi, yeye ao wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili.

Leo ninaleta neno hili kwa mama ambaye jicho la mtoto wake linang'aa nyeupe kama la paka. Majirani wananong'ona: ni mlozi. Nyanya anatajwa. Mtoto anafungiwa katika chumba cha maombi, anafungishwa chakula. Wapendwa, hilo halikutoka kwa Mungu.

Kuna kansere ya jicho inayoitwa retinoblastoma. Ni ya nadra: inapata mtoto mmoja hivi katika watoto 16,000 mpaka 18,000 wanaozaliwa. Inaanzia nyuma ya jicho, mahali panapopokea mwangaza, na karibu wote wanaoipata hawajatimiza miaka 5. Chanzo ni jeni moja iliyoharibika. Watoto wengine wanairithi kwa mzazi, lakini mara nyingi inatokea yenyewe. Hakuna mtu aliyeituma.

Angalieni alama zake. Ndani ya mboni mnaona weupe, hasa kwenye picha ya telefone iliyopigwa na flashi. Ao jicho linaanza makengeza, linakuwa jekundu, linavimba. Si kila mboni nyeupe ni kansere, inaweza kuwa mtoto wa jicho. Lakini munganga wa macho ndiye wa kusema, tena upesi. Mwanzoni mara nyingi haliumi, ndiyo maana wazazi wanangoja. Na wakingoja, ugonjwa unafuata mshipa wa jicho mpaka kwenye ubongo. Ukikamatwa ungali ndani ya jicho, watoto wengi wanapona.

Mara nyingine munganga anasema jicho litolewe. Baba anakataa, anamchukua mtoto na kurudi nyumbani. Baba, katika Mathayo 18:9 Bwana anasema juu ya dhambi, si juu ya ugonjwa. Hata hivyo kipimo ni kile kile: uzima unapita jicho. Mtoto mwenye jicho moja atasoma, ataoa, atakuzika wewe. Usimzike yeye.

Tena angalieni: Yesu alimpaka yule kipofu tope, kisha akamtuma Siloamu akanawe. Naye hakusema, "Niombee tu hapa hapa." Alienda. Imani yake ilikuwa na miguu.

Basi, wachungaji wenzangu, mwombee mtoto na kumpaka mafuta kama Yakobo 5:14 inavyofundisha, kisha siku ile ile umwonyeshe mama njia ya hospitali. Kanisa lichange franka za safari. Ndugu zake wadogo nao wapimwe macho. Na yule nyanya aliyetajwa, nendeni mumwombe msamaha.

Mungu awabariki na kuwalinda watoto wetu, katika jina la Yesu. Amina.