KITUFE CHEKUNDU SI BREKI
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi)



Leo hatukuja kusema habari za mishahara. Twataka kusema habari za vidole vyetu.

Wengi wetu karakanani twafanya kazi kwa mashine ambazo mota zake huendeshwa na sanduku la umeme liitwalo draivu. Juu ya mashine pana kitufe chekundu. Tumeambiwa, kukitokea hatari, bonyeza. Ni kweli, na tuendelee kubonyeza. Lakini hatukuambiwa kitufe kile hufanya nini.

Katika mashine nyingi za siku hizi hufanya kazi iliyoandikwa kwenye draivu kwa herufi STO. Maana yake, draivu huacha kuipa mota nguvu ya kuzunguka. Basi. Breki haifungwi. Ni kama dereva wa gari-moshi afungapo mvuke: mabehewa hayasimami kwa hilo, huendelea kwenda mpaka breki zikamate.

Mwenzetu mmoja kwenye mashine ya kuchonga magurudumu alibonyeza, akasikia mota imenyamaza, akatia mkono. Gurudumu lilikuwa lingali likizunguka. Alipoteza vidole 2. Wakubwa wakasema ni uzembe wake. Sisi twauliza: nani alimfundisha?

Hatari ya pili ni kreni na winchi. Mota ikiwa ndiyo inayoushika mzigo juu, na nguvu yake ikatwe, mzigo utashikwa na breki peke yake. Breki ikiwa imelika, mzigo huanguka. Kwa hiyo mtu asipite chini yake kamwe.

Hatari ya tatu ni ya mafundi. STO haikati umeme. Hata swichi kubwa ikizimwa, kapasita za draivu ya umeme wa volti 415 huwa zimeweka zaidi ya volti 500, nazo huchukua dakika kadhaa kuisha. Zima swichi kubwa, tia kufuli, ngoja muda ulioandikwa kwenye sanduku, kisha pima kwa mita ndipo uguse.

Ndugu, dawa iko. Kanuni ya mataifa IEC 61800-5-2, iliyotolewa kwanza mwaka 2007, yataja pia SS1, ambayo hupunguza mwendo wa mota kwanza, ndipo hukata nguvu. Magurudumu mazito yahitaji hiyo, pamoja na mlango usiofunguka mpaka mashine isimame kabisa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Yasema pia kwamba mfanyi kazi akitoa habari ya hatari kubwa, asilazimishwe kurudi pale kabla haijaondolewa. Basi kila mjumbe aulize kwa kila mashine: ukibonyeza, yachukua sekunde ngapi kusimama? Jibu liandikwe ukutani kwa Kiswahili.

Mtu mmoja akiuliza ataitwa mkaidi. Tukiuliza sote, tutajibiwa.

Umoja ni nguvu.