Fedha za Kale na Habari za Jamaa



Katika nyumba nyingi za Kenya, pwani na bara, zimo sarafu za zamani ambazo hazinunui kitu tena dukani. Nyingine zimo sandukuni, nyingine zimefungwa katika pindo la nguo, na nyingine zimetungwa pamoja na ushanga. Wako watu wazikusanyao kwa ajili ya bei yake, na hilo si kosa. Lakini sarafu iliyotunzwa na jamaa ina habari mbili. Moja imepigwa chapa juu yake; ya pili imo vinywani mwa wazee. Ile ya kwanza hudumu, bali ya pili huzikwa pamoja na mwenye kuijua.

Chapa peke yake haitoshi, tena yaweza kumpoteza mtu. Mfano wake ni reale ya Maria Theresa, iliyopendwa sana na wafanya biashara wa pwani, Uarabuni na Uhabeshi. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, na mwaka huo ndio ulioandikwa juu ya reale hiyo. Lakini viwanda vya fedha viliendelea kuipiga kwa muda wa zaidi ya miaka 150 baadaye, wala mwaka haukubadilishwa. Basi aionaye sandukuni asikate shauri kwamba imekuwamo tangu siku hizo. Ni jamaa wenyewe wawezao kusema kama ilikuja kwa biashara ya pembe, au ilikuwa mahari ya nyanya yao.

Vivyo hivyo maneno ya wazee hupimwa kwa chapa. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Ikiwa jamaa husema babu yao alilipwa sarafu fulani kwa kazi hiyo, na sarafu ina mwaka 1921, haifai kumwita mzee mwongo. Huenda ile ya kwanza ilitumika, ikawekwa nyingine mahali pake. Au huenda kazi yenyewe ilikuwa ya reli ya baadaye. Aulizwe tena kwa adabu na kwa subira.

Rupia za Kihindi nazo zina mengi ya kusimulia. Kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa mwaka 1901, wengi waliokuwa na mifugo na nafaka, lakini hawana fedha, iliwabidi kuuza mbuzi au kwenda kufanya kazi mbali. Rupia moja iliyobaki yaweza kufungua habari ndefu: ni nani aliyetoka kijijini kwanza, alikwenda wapi, na alirudi lini. Mwaka 1920 florini ilishika mahali pa rupia. Mwaka 1921 ikafuata shilingi ya senti 100, na florini moja ikahesabiwa shilingi mbili. Kwa hiyo katika muda mfupi mtu aliweza kushika fedha za namna tatu kwa mkono mmoja.

Tena, hela ya Kijerumani, iliyotolewa tangu mwaka 1904, ikionekana katika nyumba ya Kenya, yafaa kuuliza kama kulikuwa na mpagazi au askari wa vita vya 1914 hadi 1918. Huenda hakurudi nyumbani na kitu kingine, na labda jina lake halisomeki popote ila katika kumbukumbu za watoto wake.

Mwenye sarafu za namna hii afanye mambo manne. Kwanza, asizisugue kwa mchanga wala kwa majivu, maana chapa huharibika. Pili, kila moja aiweke katika bahasha yake. Tatu, juu ya bahasha aandike jina la aliyeitunza, mahali ilipopatikana, na aliyeisimulia habari hiyo. Nne, awaulize wazee wawili au watatu, kila mmoja peke yake, na wakihitilafiana aandike maneno ya wote.

Sarafu iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni isidharauliwe. Mnunuzi huihesabu kuwa imeharibika, akatoa bei ndogo. Lakini tundu hilo ni ushahidi kwamba mtu fulani aliipenda, akaivaa.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Kenya ilianza kutoa fedha zake yenyewe mwaka 1966, na waliozitumia zile za kwanza kwa mikono yao wamepungua sana. Kijana apataye nafasi ya kwenda nyumbani mwisho wa mwezi achukue kalamu na daftari, aketi na bibi au babu, amwombe afungue sanduku. Sarafu zaweza kungoja mwaka mwingine. Wazee hawana ahadi hiyo.