Mtoto Asiguse Chuma Asichokijua

Leo tunazungumza juu ya mabomu na makombora yaliyobaki ardhini bila kulipuka.

Huenda unasema, "Hayo ni mambo ya Somalia, kwetu hakuna vita." Lakini huko Archers Post, Samburu, na Dol Dol, Laikipia, wanajeshi walifanya mazoezi kwa miaka mingi, na baadhi ya makombora hayakulipuka. Yaliua watu na kuwakata wengine viungo, wakiwemo watoto wachungaji. Mwaka wa 2002, serikali ya Uingereza ilikubali kulipa paundi milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 200 walioumia au kufiwa. Lakini pesa hazirudishi mkono.

Kombora laweza kufanana na chupa, mpira au kipande cha bomba lenye kutu. Mvua ikichukua udongo, linajitokeza. Hata likikaa miaka mingi, bado laweza kulipuka.

Mfundishe mtoto mambo matatu:

Kwanza, asiliguse, asilirushie mawe, wala asiwashe moto karibu nalo.

Pili, arudi polepole kwa njia ile ile aliyojia.

Tatu, amwambie mtu mzima. Wewe nawe mjulishe chifu au polisi. Usiliokote ukauze kama chuma chakavu.

Na hili, mama, lishike sana: mtoto akikuletea habari, usimpige kwa sababu aliacha mbuzi. Ukimpiga, siku nyingine atanyamaza. Je, akija nalo mkononi? Usipige kelele, usimnyang'anye. Mwambie aliweke chini taratibu, kisha nyote muondoke mwende mbali.

Mtu akilipukiwa, usimkimbilie kabla ya kutazama unapokanyaga. Huenda lipo jingine. Ukiweza kumfikia salama, bonyeza kidonda kwa nguvu kwa kitambaa safi ili damu isimame. Chuma kilichoingia mwilini usikivute; bonyeza pembeni mwake. Usitie majivu wala mafuta. Mfunike asipate baridi, kisha mfikishe hospitali haraka. Huko atapata pia sindano ya kuzuia pepopunda.

Leo jioni, kabla mwanao hajalala, muulize: "Ukiona chuma usichokijua malishoni, utafanya nini?" Mwache ajibu mwenyewe. Akikosea, mfundishe tena kabla mbuzi hawajatoka asubuhi.